Chakula cha Kuchukua Safari ya Porini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katibu wetu aliniomba niseme machache juu ya chakula kimfaacho mtu aendaye kuwinda, nami nikakubali, kwa kuwa jambo hili lawagusa wengi wetu kuliko lidhaniwavyo. Si kila mmoja wetu mwenye leseni na bunduki. Lakini karani huandamana na wenye leseni, na huko Rungwa au kwingineko huenda mwendo ule ule waendao wao, pengine kwa viatu vya ofisini. Mtu wa namna hiyo akiishiwa na nguvu saa nane mchana, maili nyingi mbali na kambi, hana duka la kukimbilia. Aghalabu akili hulegea kabla ya miguu: hupotea njia, au hushika bunduki ovyo. Ndiyo maana chakula cha mfukoni si jambo la anasa.

Tuangalie uzito kwanza. Mtu apandaye na kushuka vilima kutwa, na mzigo mgongoni, aweza kutumia kalori 4,000 hata zaidi. Gramu 100 za ndizi mbivu hutoa kalori 90 hivi, tende kavu 280 hivi, asali 300 hivi, na karanga za kukaanga hupita 550. Sababu yake ni mafuta: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, lakini gramu moja ya sukari au ya protini ina 4 tu. Basi yule ajazaye mkoba viazi vya kuchemsha amejitwisha maji.

Wako wasemao kwamba mwindaji atakula nyama atakayoipata. Hiyo ni kuhesabu nyama ingali inakimbia. Tena, hata ikipatikana, nyama ya mwitu mara nyingi haina mafuta mengi, na nyama tupu haimtoshi mtu. Mwaka 1928 msafiri wa nchi za barafu, Vilhjalmur Stefansson, alikubali kula nyama peke yake chini ya macho ya madaktari katika hospitali ya Bellevue, New York. Walipompa nyama isiyo na mafuta, muda si muda akashikwa na kichefuchefu na kuhara. Walipomrudishia mafuta, akapona. Wakri wa Amerika ya Kaskazini walilijua jambo hili zamani sana. Waliiponda nyama kavu wakaichanganya na mafuta yaliyoyeyushwa, wakakiita chakula hicho pemikani, jina litokanalo na neno lao la mafuta. Wafanya biashara wa ngozi wakaja kukitegemea kabisa, hata mwaka 1816 watu wakauana kwa ugomvi wa biashara yake.

Siku hizi maduka ya mijini huuza vipande vya chakula cha nguvu vilivyofungwa katika karatasi za kung'aa. Mmoja wa walioieneza biashara hiyo ni mkimbiaji wa Kanada, Brian Maxwell, aliyeianzisha PowerBar huko California mwaka 1986. Je, vyafaa? Vingine vyafaa, vingi, kwa maoni yangu, ni peremende zilizovikwa suti. Msomaji asome maandishi ya nyuma, maana kitajwacho kwanza ndicho kilichotiwa kwa wingi. Ikiwa ni sukari, akirudishe rafuni. Chenye chokoleti kwa nje kiachwe mjini, kwa kuwa jua la porini hukigeuza uji.

Lakini sioni kwa nini tutafute mbali. Kashata ya karanga ni kitu kile kile: sukari kwa nguvu ya upesi, karanga kwa nguvu ya kudumu na kwa kujenga mwili. Kashata ya ufuta nayo haiko nyuma. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, ambao kuwinda ndiko kuishi kwao, huipenda asali kuliko vyakula vyote, nao hula ubuyu, ambao kwa uzani ule ule una vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Hapa naomba mnisikilize sana. Karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya huota kuvu itoayo sumu, ndiyo sumukuvu. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Huko Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi yote, wala sukari haiiponyi, ila huificha ladha. Kwa hiyo kashata ya kununua barabarani siipendi kwa safari, si kwa dharau ya muuzaji, bali kwa kuwa karanga zake sikuziona. Nunueni karanga mbichi, mzimwage juu ya sinia penye mwanga, na kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe. Asipewe kuku wala mbuzi.

Nyama iliyokaushwa ni njema, lakini chumvi yake hudai maji. Asiye na maji ya kutosha asiiguse. Na mtu asingoje njaa. Ale kidogo kila baada ya saa moja au mbili, tangu asubuhi. Vitu vifungwe katika kitambaa, kwa sababu karatasi ngumu hulia, na mnyama husikia kabla hujainua mkono. Taka zirudi nyumbani mkobani.

Kashata zilizomo katika mkebe huu zimepikwa jana kwa vikombe viwili vya karanga zilizochaguliwa, kikombe kimoja cha sukari, ufuta kidogo na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Naomba Bwana Mwenyekiti aanze, kisha mkebe upite safu kwa safu, nami nitajibu maswali mkiwa mnatafuna.