Figo Zinaita, Uboho Hauitiki: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Wachangia Damu Duniani



Leo, tarehe 14 Juni, nimekuja kuwasemea wagonjwa wa lukemia kali, ile saratani ya damu inayomwangusha mtu ndani ya wiki chache.

Chembe nyekundu zikipungua, figo hugundua kuwa oksijeni haitoshi, zikamimina katika damu kichocheo kiitwacho eritropoietini. Kazi yake ni kuuhimiza uboho, ulio ndani ya mifupa, utengeneze chembe nyingine. Kwa mgonjwa wa lukemia kali wito huo hutoka, tena kwa nguvu. Ukimpima, mara nyingi utakuta kichocheo kimepanda kuliko kwa mtu mwenye afya. Uboho ndio hauitiki. Umesongwa na chembe changa zisizokomaa, kama shamba lililomezwa na magugu.

Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake, huko Chicago, walifaulu kukipata kichocheo hicho kikiwa safi. Walikichuja kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani ambao uboho wao ulikuwa umeacha kuzalisha damu. Miili ile iliagiza damu bila kukoma, hata kichocheo kikajaa kwenye mkojo. Kila nikiikumbuka habari hiyo moyo unaniuma.

Sasa mtazameni mtoto aliyelazwa. Fizi zinavuja, na miguuni ana vidoa vyekundu vidogo vidogo ambavyo ukivibonyeza havififii. Amepungukiwa chembe sahani. Anahitaji mfuko wa majimaji ya manjano unaotikiswa mashineni usiku na mchana, na ambao kwa kawaida hautumiki tena baada ya siku 5. Aliyechangia mwezi uliopita hawezi kumfaa leo. Dawa za saratani nazo huudhoofisha uboho kwa wiki kadhaa, na muda wote huo anategemea damu ya watu asiowajua. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na mazoea ya kungoja mgonjwa azidiwe, ndipo ndugu waanze kupigiana simu.

Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4, mradi awe ametimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50. Vitanda viko tayari chini ya turubai. Nikishuka hapa naelekea huko, naomba tufuatane.