Abdallah Kibadeni: Mfungaji Aliyekuwa Mwalimu

Ndugu wanafunzi wa darasa la watu wazima la Madaba, sogezeni viti karibu na redio. Mwalimu wenu aandike ubaoni tarakimu hizi: 6–0.

Hayo ndiyo mabao ambayo Simba waliwafunga Yanga mjini Dar es Salaam, tarehe 19 Julai, 1977. Wapenzi wa Yanga waliomo darasani wanisamehe. Sina budi kuyataja. Matatu kati ya hayo yalifungwa na mtu mmoja, Abdallah Kibadeni, ambaye watu walimwita King, yaani Mfalme. La mwisho alilifunga dakika ya 89. Mwingine angeridhika na matano; yeye hakuridhika.

Baadaye Kibadeni aliacha kucheza, akawa mwalimu wa timu. Je, kazi hizo mbili ni moja? Fikirini kidogo. Wengi wenu mnajua kulima mahindi. Lakini akija shambani mtu asiyewahi kushika jembe, mtamweleza nini kwanza? Mimi mwenyewe herufi nilizijua tangu utoto, lakini siku ya kwanza niliposhika chaki mbele ya watu wazima, jasho lilinitoka.

Mwaka 1993 Kibadeni aliiongoza Simba mpaka fainali ya Kombe la CAF, mashindano ya vilabu vya Afrika. Fainali ilichezwa mara mbili, na timu ya Stella kutoka Abidjan, Ivory Coast. Huko ugenini Simba walitoka suluhu, 0–0. Basi watu wa Dar es Salaam wakaona kombe limekwisha fika nyumbani. Siku ya marudiano, mbele ya watu wao wenyewe, Simba wakafungwa 2–0.

Mfikirieni mtu huyo pale kando ya uwanja. Miguu iliyowafunga Yanga matatu bado anayo, lakini haruhusiwi kuingia. Alichobaki nacho ni yale aliyowafundisha vijana kabla ya filimbi.

Hata hivyo hakuacha kufundisha. Aliwafundisha Kagera Sugar, na mwaka 2013, miaka 20 baada ya fainali ile, akarudi tena Simba.

Kabla ya kipindi kijacho, kila mmoja aandike mistari mitatu: kazi anayoijua vizuri, na jambo la kwanza atakalomwambia mtu anayeianza. Msiogope kukosea herufi. Kwaherini.