Raha Ndogo Ndogo na Majina Nyuma ya Picha

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Ibra



Waheshimiwa wazee wetu, ami na shangazi zangu, kaka na dada, wana na wajukuu,

Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kukutana hapa Ibra tukiwa wazima, wengine mkitokea Unguja na Pemba, wengine Mombasa, Dubai, London na Toronto, na wengine mtaa wa pili tu. Naishukuru pia kamati ya matayarisho, na hasa kinamama ambao tangu juzi hawajatoka jikoni.

Kamati iliniomba niseme machache juu ya mambo yanayotuburudisha baada ya kazi, yaani kusoma, kupiga picha na kwenda mandari. Nakiri kwamba nilipolipokea ombi hilo nilivunjika moyo kidogo. Wenzangu wamepewa mada nzito: mmoja nasaba, mwengine elimu, wa tatu mfuko wa kusaidiana. Mimi nikapewa raha. Lakini nilipokaa na kufikiri niliona kwamba mengi ninayoyajua juu ya ukoo huu sikuyapata katika vikao vya nasaba. Niliyapata mkekani, kitabuni, na nyuma ya picha. Na jambo moja kubwa lilinipotea huko huko, kwa uvivu wangu mwenyewe. Nalo nitalieleza.

Nianze na kusoma.

Baadhi yetu tulifika hapa katikati ya miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee. Vijana huenda wasiamini, lakini mwaka huo nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu, na barabara ya lami ya kilomita 10 hivi. Mimi nilikuja na miaka 13, na Kiarabu changu kilikuwa cha kuombea maji. Skuli nikifungua mdomo darasa zima hucheka. Basi mchana nilikuwa bubu, na ulimi wangu ukifunguka usiku, nyumbani, kwa Kiswahili.

Bibi alikuwa amekuja na kitabu kimoja ndani ya bahasha ya nguo zake: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, mwenzetu wa Unguja, kilichochapishwa mwaka 1960. Bibi mwenyewe hakujua herufi za Kilatini. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa aliniweka karibu na kandili, nikawasomea yeye na majirani wote waliotoka Unguja, na Bwana Msa na kiko chake akawa kama mgeni wa nyumba. Nikifika pahala pa mashaka Bibi hunikatiza: "Ngoja kwanza, mwanangu. Huyo mie simwamini." Hapo kila mtu hutaja anayemshuku, na kisa kikasimama mpaka kahawa ikaisha. Tulipokimaliza tulikianza tena, na safari ya pili Bibi alijifanya hajui mwisho.

Baadaye kitabu kile kilizunguka nyumba kwa nyumba. Kila aliyekiazima aliandika jina lake na mwezi wake ndani ya jalada. Ninacho mpaka leo, na majina yamefika 11. Hakuna aliyekusudia kuandika historia. Watu walichelea kitabu kisipotee tu. Lakini hii leo, mtu akiniuliza ni nyumba zipi za Unguja zilizokuwa Ibra mwanzoni, humfungulia jalada hilo.

Na tusidhani kwamba kuandikia jamaa ni jambo dogo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Mwenyewe alieleza kwamba alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa wakikulia mbali na asili ya mama yao. Hakuwa na nia ya kuwaandikia walimwengu. Leo anayetaka kujua maisha ya ndani ya Mtoni yalikuwaje humwendea yeye kwanza. Mama aliwaandikia watoto wake, na sisi sote tukafaidika.

La pili ni picha.

Wazee wetu walipenda kupiga picha kuliko tunavyodhani. Sikukuu ikifika, watoto huogeshwa, hutiwa manukato, huvishwa nguo mpya, kisha hupelekwa studio Mji Mkongwe. Wengi walikwenda Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha moja ilikuwa na gharama, kwa hiyo watu hawakucheka ovyo wala kusimama ovyo. Mtu alipigwa picha moja kwa mwaka, na picha ile aliitunza.

Shangazi yangu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua, alikuja Oman na mkebe wa biskuti uliojaa picha hizo. Kwa miaka 40 ulikaa juu ya kabati lake. Kila nikimtembelea nilijiambia: nitakuja siku moja na daftari, nikae naye, anitajie kila uso. Nilikuwa mwalimu, nina kalamu kila mfuko, na nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika tano kutoka kwangu. Lakini palikuwa na mitihani ya kusahihisha, harusi, wageni. Nilisema kesho, na kesho ikawa desturi.

Hapo ndipo ninapoingia jambo la tatu, nalo ni mandari.

Sisi wa Mashariki na wenzetu wa Dakhiliya tumebarikiwa mahala pa kutembea, na haihitaji mtu kuwa tajiri. Mkeka, chupa ya chai, kachori na tende vyatosha. Hapa hapa Ibra pana magofu ya Mansfah, majumba ya matajiri waliofanya biashara na Afrika ya Mashariki. Mkapite pale kabla hamjaondoka, mtazame milango. Pana Soko la Jumatano la kinamama, wenye kuuza wanawake na wenye kununua wanawake. Mbele kidogo pana Wadi Bani Khalid, maji ya kijani baina ya mawe meupe, na watoto hawatoki majini mpaka waitwe mara saba.

Nizwa nakupendeeni asubuhi ya Ijumaa, wakati mbuzi wanapozungushwa duara mbele ya wanunuzi na kelele za bei zimepamba moto. Kisha mwende Falaj Daris mkatie miguu majini. Mfereji huo ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika urithi wa dunia. Katika mifereji yetu maji hugawiwa kwa zamu, na kipimo chake cha kawaida ni athari, yaani kiasi cha nusu saa. Zamani mchana ukipimwa kwa kivuli na usiku kwa nyota. Zamu ya kila mtu hujulikana, ndipo watu wakanywa maji ya mfereji mmoja kwa mamia ya miaka.

Ras al-Jinz nako mwende usiku, mkamwone kasa akipanda pwani kutaga mayai yake kiasi cha 100, katika mwambao ule ule alikoanguliwa. Huko kamera huwekwa mfukoni, maana mwanga humtisha. Nalo ni funzo kwa sisi wapenda picha. Kamera ina adabu zake. Soko la Jumatano pia haipigwi picha ya mwanamke wa watu bila ya ridhaa yake.

Basi mwaka 2018 tulikwenda Sur, magari matatu, na Shangazi tukamkalisha kiti cha mbele. Nia yetu ilikuwa kula samaki na kupunga upepo tu. Lakini kulikuwa na jahazi Fath al-Khair, lililoundwa hapo hapo Sur mwaka 1951 na sasa limewekwa nchi kavu kwa kumbukumbu. Shangazi alisimama chini yake, akaweka mkono juu ya fimbo yake, akaanza kusema. Huu mkuku. Ule mlingoti, na lile foromali. Huku omo, kule tezi. Wajukuu walikuwa hawajapata kuyasikia maneno hayo. Akawaeleza jinsi alivyokuwa mdogo akiyaona majahazi ya Sur yakiingia Malindi kwa upepo wa kaskazi, yakiwa na tende na papa mkavu, na jinsi yalivyoondoka kwa kusi. Kijana mmoja akampiga picha kwa simu, na mimi, kwa mara ya kwanza, nilikuwa na daftari mkononi. Niliandika kurasa nne.

Jioni, tumekaa pwani, nikamtolea picha moja ya mkebe niliyokuwa nimeichukua asubuhi. Wasichana watatu, nguo za Idi, riboni kichwani. Nikamwuliza: "Shangazi, hawa ni nani?" Akaweka kidole juu ya wa kulia: "Huyu mimi." Wa kushoto: "Huyu dada yangu," naye ndiye mama wa jamaa zetu wa Mombasa mliopo hapa leo. Kidole kikafika katikati, kikasimama. Akaitazama picha kwa muda mrefu. Akasema: "Huyu alikuja kwetu kula Idi. Alikuwa akicheka sana, mpaka mpiga picha akamkemea." Kisha akanirudishia picha na kusema: "Jina lake nilikuwa nalo jana."

Ndugu zangu, pengine jana ilikuwa kweli jana. Pengine ilikuwa miaka kumi nyuma, wakati mimi nikisahihisha mitihani dakika tano kutoka kwake. Niligeuza picha nyuma. Palikuwa na muhuri wa studio, basi. Shangazi alifariki mwaka 2020, Mwenyezi Mungu amrehemu, na jina lile hakulipata tena.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tulizoea kulihesabu neno hilo kuwa la wafanyabiashara. Mimi naliona la picha pia.

Kwa hiyo ninayo maombi matatu, nayo si mazito.

Kwanza, kila nyumba yenye picha za zamani ikae na mzee wake mwezi huu, isingoje mwakani. Andikeni nyuma ya picha nani, wapi, na lini. Tumieni kalamu ya risasi iliyo laini, mwandike pembeni bila kukandamiza, kwani wino wa kalamu hupenya mpaka usoni mwa picha. Na msiziweke penye joto wala unyevunyevu. Picha za simu nazo zisisahauliwe: katika elfu mlizonazo chagueni kumi kwa mwaka, mzichapishe, mziandike.

Pili, wasomeeni watoto Kiswahili kwa sauti, hata ukurasa mmoja kwa usiku. Wanaokulia London na Toronto wanachekwa kwa lugha nyengine kama tulivyochekwa sisi hapa. Wapeni pahala ambapo ulimi wao hautachekwa.

Tatu, mkienda mandari wachukueni wazee. Msiseme wamechoka. Shangazi hakunieleza habari za kaskazi na kusi sebuleni kwake, kwa sababu sebuleni hakuna aliyemwuliza, wala hapakuwa na jahazi la kumkumbusha.

Mwisho, picha ile ya wasichana watatu nimeiweka juu ya meza ya kahawa, karibu na mlango, na kamati imekubali kuichapisha kitabuni kwa ajili ya jamaa wasioweza kufika. Pembeni yake pana kalamu ya risasi. Tafadhalini kila mmoja aitazame kabla ya kuondoka, hasa nyinyi mliotoka Pemba na nyinyi watu wazima wa Mombasa. Pengine mama zenu walipata kumtaja ndugu aliyekuwa akicheka sana. Atakayemjua na amwandike. Nafasi ya jina nimeiacha wazi.