Ujenzi wa Ubaoni

Wasikilizaji wetu, tangazo la juma hili juu ya fedha za vyumba vipya vya madarasa mmekwisha kulisikia, na waliolisifu wamelisifu kwa haki, kwa hiyo hatutalirudia. Linalotutia shaka sisi wa redio hii ni lile lisilotajwa: nani atausimamia ujenzi wenyewe, na ilimu ya usimamizi huo ameipata wapi?

Kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambao ndio uliotumika kujenga vyumba 15,000 vya fedha za UVIKO kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021, kwa shilingi milioni 20 kila kimoja, mkandarasi hayupo. Yupo mkuu wa shule, ambaye taaluma yake ni hesabu au historia, pamoja na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, walimu na wazazi waaminifu ambao aghalabu hawajapata kufundishwa hata siku moja namna ya kusoma ramani, kupanga siku za kazi, au kuoanisha mifuko ya saruji iliyoingia stoo na iliyotoka. Fedha za migodi nazo, ambazo tangu sheria ya madini ilipobadilishwa mwaka 2017 hupangwa pamoja na halmashauri, hujenga madarasa na zahanati huko Geita na Kahama, na swali la msimamizi ni lile lile. Ilhali vyuoni wamejaa vijana wanaosomeshwa usimamizi huo huo, lakini wanasomeshwa ubaoni.

Ubaoni hakuna udongo. Huku kwetu upo, tena ule mweusi wa mbuga, unaovimba kwa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi hata mguu ukaingia, nao hauistahi ramani iliyochorwa Dodoma kwa ajili ya nchi nzima. Tazameni pembe ya chini ya dirisha la jengo lililosimamishwa juu ya udongo huo kwa msingi mfupi: ufa huanza mwembamba kama unywele, hushuka ukifuata viungo vya tofali hadi kwenye jamvi, na baada ya misimu michache kidole hupita. Fundi wa kwetu hapa Ngokolo hulijua hilo. Anajua wapi achimbe mpaka aukute udongo mgumu na wapi ajaze moramu. Asichokijua ni kuiandika hoja yake hata ofisi ikaikubali na kuilipia. Kijana wa chuo anajua kuandika, lakini hajapata kushika timazi, amejenga ubaoni. Kila mmoja ana nusu ya maarifa, na hawakutani.

VETA, kwa urasimishaji wa ujuzi, humpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, nalo ni jambo la insafu. Basi fundi amekwisha kutambuliwa na chuo. Mwanafunzi atatambuliwa lini na saiti? Mtatuambia kwamba yapo mafunzo kwa vitendo. Yapo, na wengi huyamaliza ofisini wakitoa fotokopi (kazi ya heshima, lakini haijapata kumwaga zege). Tunaambiwa pia mwanafunzi akiachiwa saiti ataharibu. Hatukusema aachiwe, tumesema awepo.

Maadamu fedha zimetangazwa na mvua bado hazijaanza, wakuu wa vyuo, watoeni vijana ubaoni! Kila saiti ipate mwanafunzi wake na mwalimu wa kumkagua, tangu kamba inapovutwa hadi bati la mwisho, ahesabu karai za mchanga kwa kila mfuko, asimamie zege limwagiliwe siku saba ijapokuwa maji ni ya kununua, na jioni akae na kamati awafundishe ramani na daftari la stoo. Wakurugenzi wa halmashauri, wafungulieni mlango na nauli muwape. Wazazi, mkiitwa mkutanoni, ulizeni kijana wa chuo yuko wapi. Nanyi wajumbe wa kamati ya mapokezi, msitie sahihi kwa saruji msiyoihesabu, wala kwa msingi mlioonyeshwa ukiwa umekwisha kufukiwa.