Sifuri Inayolindwa



Naanza na karatasi ya maabara. Chukueni mzee wa miaka 66 aliyeondolewa tezi dume mwaka juzi kwa sababu ya saratani. Majibu yake yanasema PSA 0.6, na pembeni pamechapwa kiwango cha kawaida: 0 hadi 4. Mzee anaikunja karatasi, anaitia mfukoni, anarudi nyumbani akimshukuru Mungu. Karatasi imempoteza. Ile 4 ni ya mwanamume mwenye tezi, naye hana tena.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na chembe za saratani yake huitengeneza pia. Tezi yote ikitolewa, iliyobaki kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku mbili au tatu. Wiki sita hadi nane zikipita, inatakiwa iwe chini ya 0.1, yaani kama haipo. Ikipanda hadi 0.2 nanogramu kwa mililita, na kipimo cha pili kikathibitisha, madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umerudi, ingawa picha hazioneshi kitu na mgonjwa anajisikia mzima.

Hapo pasiwe na kiherehere. Mwaka 1999 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, waliwafuatilia wanaume ambao PSA yao ilipanda baada ya upasuaji bila kupewa tiba mapema. Nusu yao walipitisha miaka 8 kabla saratani haijaonekana imesambaa. Cha kuogopwa ni kasi: PSA inayoongezeka maradufu kwa miezi mitatu si sawa na inayochukua miaka miwili. Nayo kasi haionekani kwa kipimo kimoja, ndiyo maana nawasihi mtunze karatasi za zamani na mpime maabara ileile.

Mwaka 2020 utafiti uitwao RADICALS, wa wanaume 1,396 wa Uingereza, Denmark, Kanada na Ireland, ulionesha kuwa si lazima kila aliyepasuliwa apigwe mionzi papo hapo. Yatosha afuatiliwe, apewe mionzi PSA ikianza kupanda. Ni habari njema, maana mionzi huweza kuumiza kibofu na njia ya haja kubwa. Lakini kungoja huko kunataka damu ipimwe kwa wakati na mashine iwe tayari siku ya haja, kwani mionzi hufaa zaidi PSA ikiwa bado chini ya 0.5.

Na hapa Durban? Juni 2017 Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini iliamua kwamba idara ya afya ya KwaZulu-Natal ilikiuka haki za wagonjwa wa saratani katika hospitali za Addington na Inkosi Albert Luthuli: mashine mbovu, mabingwa wachache, foleni ndefu. Nasema kwa uchungu: kwenye foleni kama ile, 0.2 yaweza kufika 0.9 mtu akingoja jina lake liitwe. Utafiti wa ng'ambo hauwezi kumfaa mgonjwa wetu mashine ikiwa imezimwa.

Mandela na Askofu Mkuu Tutu hawakuficha saratani yao ya tezi dume. Wanaume wenzangu, nasi tusione haya kuuliza namba.

Wakuu wa maabara, nawaomba: majibu ya mtu asiye na tezi yasichapwe tena na ile 4. Nawe mzee uliyeketi nyuma, ukikabidhiwa karatasi yako, uliza kabla hujaikunja: ya mara iliyopita ilikuwa ngapi?