Waanze kwa Kiswahili

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, ipo tangu 1996, na vijana Wakongo waliozaliwa humo husoma kwa Kifaransa, kwa mtaala wa nchi ambayo wengi hawajaiona. Kijana wa miaka 15 asiyejua kusoma akikalishwa na watoto wadogo, magoti yakigonga dawati, hujifunza kwanza kuona haya. Wapo wasemao atulizwe majonzi ya ukimbizi kwanza, kitabu baadaye. Sikubaliani nao: anayeweza kuandika lililomkuta hupata pa kulitua. Wengine hutetea Kifaransa kwa kuwa cheti chake kitawafaa wakirejea kwao. Kweli, na kisifutwe. Lakini kusoma hushikika upesi katika Kiswahili, lugha ambayo kijana huchekea na kulilia, kisha Kifaransa kikafuata. Apewe darasa la rika lake, na daftari moja lisiloguswa na wino mwekundu.