Udongo wa milima yetu haujakufa, uko na njaa



Leo sianzi na bunduki, naanza na udongo. Lakini mutaona, hii njia inatufikisha palepale.

Tangu mauaji yaanze kule Beni mu Oktoba 2014, wakulima wengi wameacha mashamba. Wengi wamekimbilia hapa Butembo. Wanalima mulimani, kipande kilekile kila musimu, bila kukipumzisha. Mvua inanyesha, maji hayaingii, yanakimbia na udongo muzuri mpaka mutoni. Kinachobaki ni udongo mugumu, unakauka siku chache tu kisha mvua. Njo hapo tunapanda mikaratusi, ju inatoa mbao na makala haraka. Franga inapatikana, kweli. Lakini mukaratusi unakunywa maji mingi, na maharagi chini yake hayatoki vizuri.

Kuna miti ingine. Kwenye mizizi ya kaliandra na akasia kunaishi bakteria wadogo sana. Wanachukua azoti ya hewani na kuipatia muti. Muti nao unawalisha sukari. Majani yakianguka, udongo unapata chakula. Kuna tena uyoga wa nyuzi nyembamba: unarefusha mizizi, unailetea maji na fosfori. Ngoa mumea wa maharagi, utaona viduara kwenye mizizi. Kata kimoja: kama ndani ni chekundu, wafanyakazi wako kazini. Ukichoma shamba, unaunguza makao yao.

Hii si ndoto. Kule Mampu, ku Plateau ya Bateke, mashariki ya Kinshasa, kati ya 1987 na 1993 walipanda akasia kwenye karibu hekta 8.000 za muchanga. Zikagawanywa kwa familia karibu 320, hekta 25 kila moja. Wanalima mihogo na mahindi, wanachoma makala, wanavuna asali. Hapa kwetu kuna baridi, ile akasia yao haitufai. Yetu ni akasia ya milimani na kaliandra.

Sasa tunadai nini? Moja: kila komini, ine za Butembo na ine za Beni, iwe na pepinieri, na vijana wenye diploma ya agronomia walipwe kuifanyisha kazi. Tuko wengi tunatembeza madosie bure. Mbili: serikali ilinde njia za mashamba ya Beni. Muti hauwezi kuponya mulima kama watu wote wamefinyana hapo juu ya hofu.

Na sisi tusingoje. Mbele ya mvua ya Septemba, kila kikundi kijaze mifuko ya miche. Mu kila mufuko changanya udongo kidogo, uliochukuliwa chini ya kaliandra ya zamani. Njo mule bakteria na uyoga wanatoka. Haiombi sahihi ya meya.

Tukutane na majembe.